Hesabu Yangu na Pua ya Binti Kondo

Vijana mnaoingia viwandani siku hizi na kalamu zenu mfukoni, na hasa wewe mjukuu wangu uliyeajiriwa juzi kupanga kazi katika kiwanda cha soda, sogeeni niwasimulie jinsi nilivyowahi kuahidi soda ambazo hazikuwapo. Nitasimulia kama ninavyokumbuka. Nikichanganya siku mnivumilie, maana hata wakati ule zilinichanganya.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kule Kisarawe. Kiwanda chenyewe msikifikirie kama vya kwenu. Kilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji, kisima nyuma, na mashine moja ya kujazia yenye midomo sita. Mwenye kiwanda tulimwita Tajiri, naye aliitika. Fundi wa mashine alikuwa Yohana, Mlutheri wa Maneromango, mtu wa maneno machache. Muoshaji wa chupa alikuwa mama mtu mzima kutoka kijiji cha Masaki, kilekile cha Kisarawe, ambaye kila mtu alimwita Binti Kondo kwa jina la baba yake. Alikuwa mjane, na kwa kazi ile ya kuosha chupa aliwalisha wajukuu watatu. Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa na darasa la sita, na darasa la sita siku zile mtu alitembea nalo kifua mbele.

Chupa mpya hazikuwapo. Soda ilikwenda na chupa ikarudi: ukitaka kreti iliyojaa, leta kreti tupu. Zilirudi kwenye magunia, zikaoshwa na Binti Kondo katika mapipa matatu, zikaenda kwenye mashine, zikajazwa, zikazibwa, zikapangwa. Mimi nikasimama mwishoni na daftari langu. Sasa angalieni nilivyosimama: mwishoni. Sikuwahi kusimama mwanzoni.

Mwezi wa Ramadhani, zikiwa zimebaki kama siku kumi na mbili kufikia Idi, wenye maduka walianza kuagiza soda za sikukuu. Kisarawe wanataka, Masaki wanataka, na upande wa Kibaha mpaka Kongowe wanataka zaidi kuliko wote. Tajiri akaniita, akaniuliza aahidi kreti ngapi kwa siku. Nikamwambia anipe saa yake ya mkononi na dakika tano.

Nilisimama mbele ya mashine saa tatu asubuhi, nikahesabu. Kwa dakika tano zilitoka chupa arobaini. Chupa nane kwa dakika. Mia nne na themanini kwa saa. Kazi ni saa nane, basi chupa elfu tatu mia nane na arobaini. Kreti inabeba ishirini na nne. Nikagawa, nikapata kreti mia moja na sitini kamili, haikubaki hata chupa moja. Hapo ndipo nilipopotea, wajukuu zangu. Niliona hesabu isiyobakiza kitu haiwezi kuwa ya uongo.

Fundi Yohana alikuwa ameinama anakaza nati. Akaniuliza bila kunyanyua kichwa, "Hizo dakika tano alikuchagulia nani?"

Nikamwambia nimechagua mwenyewe. Akasema, "Haya," akarudi kwenye nati yake. Nilidhani ananionea wivu kwa sababu ya darasa la sita.

Tajiri akawatumia habari wenye maduka: kreti mia moja na sitini kila siku mpaka Idi. Siku ya kwanza zikatoka sitini na nne. Nikahesabu tena, sitini na nne. Nikazunguka nyuma ya banda kutazama kama kuna mtu anazipitisha kisimani, nikamkuta mbuzi wa jirani. Siku ya pili zikatoka sabini na moja. Siku ya tatu hamsini na nane. Kama zingekuwa zinapungua tu ningeelewa, na kama zingekuwa zinaongezeka ningefurahi. Lakini zilipanda na kushuka bila kunieleza sababu, na mashine ni ileile, watu ni walewale.

Nilikaa juu ya kreti tupu nikaanza kuipunguza ile hesabu yangu. Nilijua kwamba mchana maji ya kisima hupata joto, na maji ya moto hayashiki gesi. Hilo Yohana alikuwa amenifundisha zamani, siku nilipomlaumu kwa kusimamisha mashine saa sita. Alinipa chupa nijaze mwenyewe. Povu likanirukia usoni, na chupa ikabaki nusu. Ndiyo maana tuliletewa barafu kutoka Dar es Salaam, imefunikwa unga wa mbao, na lori la barafu likichelewa, asubuhi yote inakwenda na maji. Kwa hiyo saa nane zangu hazikuwa saa nane. Zilikuwa saa tano, na siku mbaya saa nne.

Nikapunguza vizibo vinavyopinda. Nikapunguza chupa kuukuu zinazopasuka, maana moja ikipasuka watu wote wanaruka nyuma, wanasimama wanatazamana, kisha mmoja anaanza kusimulia ya mwaka juzi iliyompasua fulani sikio. Nikapunguza na mambo ya mwezi wenyewe. Wengi wetu tulikuwa tumefunga, na sharubati, ile sukari nzito ya kutia soda utamu, lazima mtu aionje kabla haijachanganywa. Muonjaji alikuwa Yohana peke yake. Siku aliyokwenda kumzika shangazi yake tulisimama mbele ya pipa la sharubati, waungwana sita, hakuna wa kuonja. Tukamsimamisha mwalimu mmoja Mkatoliki aliyekuwa anapita na baiskeli. Akaonja, akasema haijakolea. Tukaongeza sukari. Akaonja, akasema labda kidogo bado. Alipomaliza bilauri nzima akasema sasa ni sawa, akashukuru, akapanda baiskeli. Saa nzima ilikwishapita, na sharubati ile ilikuwa tamu ya kuunganisha vidole.

Baada ya kupunguza yote hayo nikapata kreti mia moja na kumi. Nilijisifu. Siku ile zikatoka sitini na mbili.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliogopa kama mtu anayehesabu watoto wake njiani na kila mara anapata idadi nyingine. Nikaamua kufuata chupa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikaona mashine imesimama, midomo yote sita imekauka, na Yohana amekaa anafuta mikono. Nikamuuliza mbona imesimama. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mapipa. Chupa zilikuwa hazijaja.

Pale kwenye mapipa Binti Kondo alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshika chupa chini ya pua, amefumba macho. Alikaa hivyo nikihesabu moyoni mpaka ishirini. Kisha akaiweka kando, akachukua nyingine, akafumba macho tena. Baada ya kama chupa kumi akaacha kabisa, akaegemeza kichwa ukutani. Mimi, na darasa langu la sita, nikaona nimempata mwizi wa kreti zangu. Ni usingizi.

Sikumuuliza kitu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Tajiri nikamwambia kwamba mashine haina kosa na hesabu haina kosa, kosa ni mkono wa muoshaji. Tajiri alikuwa na ahadi shingoni, hakutaka maelezo marefu. Jioni ile ile Binti Kondo akaambiwa asije kesho. Alikunja kanga yake ya kazi, akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, Karani," akashika njia ya Masaki. Wapagazi wawili wenye nguvu wakawekwa kwenye mapipa.

Na hesabu yangu ikapona. Siku ya kwanza ya wapagazi zikatoka kreti mia moja na kumi na nane. Siku ya pili mia moja na ishirini na moja. Siku ya tatu mia moja na kumi na tisa. Tajiri akanipigapiga begani. Niliandika zile namba kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa siku zote, na nilipofikiria wale wajukuu watatu wa Masaki niligeuza ukurasa haraka.

Siku iliyofuata lori likarudi kutoka Kongowe likiwa limejaa. Nikadhani ni chupa tupu. Zilikuwa soda zetu, kreti juu ya kreti, zimezibwa kama tulivyoziziba. Dereva akashuka, akasema mwenye duka wa Kongowe anauliza kama tuna dini. Mteja wake mmoja alikuwa amefungua saumu kwa soda yetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akafungua kwa mafuta ya taa. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu hakungoja kuonja, alinusa tu akaja kugonga mlango wa duka.

Tukafungua chupa pale pale. Ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu ikanuka. Ya nne nzuri, ya tano nzuri, ya sita na ya saba zikanuka. Hakukuwa na njia ya kujua ni ipi bila kuiondolea kizibo, na ukishaondoa kizibo imekufa. Tajiri akaamuru zote zimwagwe, za lori na zilizokuwa ghalani. Tulimwaga siku tatu za kazi kwenye mfereji, na nyuki wa Kisarawe nzima wakaja.

Mimi nilibaki na daftari. Vijana, ninyi mna mashine za kuhesabia, hebu nisaidieni: chupa iliyooshwa, ikajazwa, ikazibwa, ikaenda Kongowe, ikarudi, ikazibuliwa, ikamwagwa, na sasa inangoja kuoshwa upya, ile ni moja, ni sifuri, au tunadaiwa? Nilijaribu kuipunguza kwenye jumla nikakuta kiwanda kimetoa chini ya sifuri. Nikafuta. Nikaandika tena. Mwisho nilifunga daftari, nikachukua baiskeli ya kiwanda, nikaenda Masaki bila kumuaga mtu.

Nilimkuta Binti Kondo uani anamenya mihogo ya futari. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema. "Umekuja kuhesabu mihogo?"

Nilikaa chini. Nilimweleza yote, ya lori, ya mwenye saumu wa Kongowe, ya mfereji. Hakucheka na hakufurahi. Aliniuliza kama wale wapagazi walikuwa wananusa. Nikamwambia hawakunusa, hakuna aliyewaambia wanuse. Akatikisa kichwa, na kisu kikaendelea kumenya.

Ndipo akanieleza jambo ambalo mtoto yeyote wa kijiji chake alilijua, na mimi mwenyewe nililiona nyumbani kwetu kila mwaka na nisilione. Miezi mingine, alisema, chupa hurudi na ukoko wa sukari tu na sisimizi wawili watatu. Mwezi mtukufu ukiingia watu wanakesha. Kandili haizimwi, wengine wanakwenda tarawehe, wengine wanapika daku, na mafuta ya taa yanakwisha upesi. Ukienda dukani kununua mafuta unakwenda na chupa, na chupa iliyopo nyumbani ni ya soda. Kisha Idi ikikaribia kila mtu anataka kreti ya sikukuu, na kreti haitoki bila tupu, basi ile chupa ya mafuta inamwagwa kwenye taa na kutiwa guniani. Kwa hiyo siku zilezile ambazo tunatakiwa kutoa soda nyingi kuliko zote, ndizo siku ambazo chupa ni mbaya kuliko zote. Chupa ya mafuta unaiosha kwa magadi na maji ya moto, unaisugua kwa mchanga, unaisuuza, unainusa, na mara nyingi unairudia.

"Nanusa na njaa," akasema. "Nikinusa kumi kichwa kinazunguka, nakaa. Nikikaa wewe unaandika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unatazama saa."

Niliona aibu, na siwezi kuipamba. Nilimwomba arudi. Akasema hakufukuzwa na mimi, alifukuzwa na Tajiri, na aliyempeleka kwa Tajiri ndiye atakayemrudisha, tena kwa maneno yaleyale aliyomtoa nayo, ila ayageuze. Asubuhi yake alikuja, akasimama nje ya banda, hakuingia.

Nilimwambia Tajiri mbele ya watu wote kwamba mkono wa muoshaji haukuwa na kosa, na kosa lilikuwa hesabu yangu. Tajiri alikuwa hajalala, wenye maduka walikuwa wakimtumia watu tangu alfajiri. Alitusikiliza, kisha akasema hataki kujua kosa ni la nani, anataka namba moja ya kuwaambia wenye maduka, na safari hii iwe kweli. Isipofika jioni, mimi na mama huyu tutaondoka pamoja. Akanigeukia. Idi inazidi kukaribia, leo zitatoka ngapi?

Mia moja na kumi na nane ilinijia. Sitini na nne ikanijia. Nikafikiria saa tano, barafu, vizibo, na kila nilipofika kwenye chupa akili ilisimama. Nikasema, "Muulize Binti Kondo."

Binti Kondo alikwenda kwenye magunia yaliyokuwa yanangoja, akafungua moja moja, akatia mkono mpaka chini na kutoa chupa moja, akainusa, akairudisha. Akafanya hivyo kwa magunia yote. Akamwuliza Yohana kama barafu imefika, Yohana akasema imefika. Akaomba wapagazi wawili wabaki kwenye mapipa wasugue, yeye anuse tu, na aruhusiwe kukaa kichwa kinapomzunguka. Tajiri akakubali.

"Themanini na tano," akasema.

Nilitaka kumuuliza amezipataje. Nataka kumuuliza mpaka leo. Nimejaribu baadaye kuifanya ile hesabu kwenye karatasi, magunia mangapi, ngapi zilinuka, kila inayonuka inakula muda wa ngapi safi, na napata themanini na mbili, au tisini na moja, kamwe sipati yake. Lakini ule utaratibu wa kutia mkono kila gunia kabla ya kuahidi niliushika, na kwa miaka yote niliyobaki kwenye kazi ile sikutoa namba kabla sijanusa. Wewe mjukuu wangu, kabla hujampelekea bosi wako karatasi, nenda kwanza pale chupa zinapoingilia, muulize anayezipokea leo zikoje. Muulize kwa heshima, maana anajua kuliko wewe.

Siku ile niliishi kama mgonjwa. Mpaka adhuhuri tulikuwa na arobaini na tatu. Maji yakapata joto, Yohana akaongeza barafu, mashine ikasimama, ikaendelea. Binti Kondo alinusa, akakaa, akanusa. Mara nne alirudisha pipa zima lisuguliwe upya na mimi nikageukia ukuta nisione. Alasiri mashine ilipozimwa nilihesabu kreti kwa kuzigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine, Tajiri yuko nyuma yangu.

Themanini na sita.

Nilihesabu tena, zikawa themanini na sita. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma. Nilimkimbilia Binti Kondo, ambaye alikuwa ananawa mikono, nikamwambia tumefika, tena tumezidisha moja.

Yeye akaacha kunawa. "Sikunusa themanini na sita," akasema. "Kuna moja imepita nilipokwenda kuswali. Itafute."

Tajiri akasema iachwe, moja si kitu. Binti Kondo alitembea kando ya kreti, akawauliza wapagazi walipanga wapi adhuhuri, wakamwonyesha kwa unyonge. Nikaivuta ile kreti, nikazibua chupa ya kwanza, nikampa Yohana, mwenye ruhusa ya kuonja. Akatia mdomoni, akatema mbali, akafuta ulimi kwa mkono wa shati.

Tajiri alinitazama, nami nikamtazama Binti Kondo. Nikaibeba ile kreti mwenyewe mpaka mferejini nikaimwaga yote, kisha nikafungua daftari na kuandika themanini na tano.